Marehemu

Mto wetu hapa Nerva ni mwekundu
kama maji yaliyooshewa misumari ya kutu.
Hauna samaki, hauna chura.
Hata mbuzi wa Nicasio, na kiu yote ya Agosti,
huunusa, hupiga chafya, hugeuka.

Mama alitukataza kuuvuka peku.
Alituonyesha suruali ya baba ya mgodini,
pindo limeliwa matundu matundu
kama karatasi iliyotafunwa na mende.
"Umekufa huo," alisema, "na maiti haichezewi."
Tukakua tukiuita hivyo: Marehemu.
Nenda, katupe takataka kwa Marehemu.

Kisha wakaja hawa, na keekee na mabomba,
wakapanga vyumba vyangu vitatu vya juu,
wakaniharibia taulo zote nyeupe.
Itziar, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi,
alirudi usiku na vipande vya mwamba
kutoka kina cha minara miwili ya kanisa,
akavilaza kwenye friji yangu, ubavuni mwa jibini.
Nikamwuliza: Mnatafuta shaba? Imekwisha.
Akasema: Tunatafuta Mirihi.

Nikacheka. Nikamwongezea supu.

Ila asubuhi moja aliniita, jikoni kwangu mwenyewe,
hadubini imekaa palipokuwa na unga,
tone moja la Marehemu juu ya kioo.
Nikafumba jicho moja.

Walikuwepo.
Vijiti, vijiti vidogo vikihangaika
kama watu wa gulio wamesikia ngurumo.
Hawali nyama, hawali majani. Chakula chao chuma.
Wanatafuna jiwe, na ile tindikali tunayoiogopa
ni jasho la kazi yao.
Kumbe ndio waliokula suruali ya baba.
Na chini zaidi, ndani ya mwamba, wako wengine,
bila jua, bila hewa,
hawajui hata kama kuna Agosti.

"Basi na kule wapo?" nikauliza, kidole juu.
Hakunidanganya.
"Sijui. Kule kuna chuma, kuna salfa,
kuna mabonde ambayo maji yaliwahi kupita.
Hapa nimekuja kujifunza alama za meno,
ili siku nikiletewa jiwe lililotafunwa
nisilitupe."

Wameondoka. Mgeni njoo, mwenyeji apone, nimeisikia hiyo,
ila sikujua kama nilikuwa naumwa.
Miaka sitini na miwili nimepita mlangoni
mwa nyumba iliyojaa tele
nisipige hodi hata mara moja.

Usiku ile nyota nyekundu ikichomoza
juu ya lundo la mabaki ya mgodi,
naitazama, siisemei neno.
Niliwahi kumzika mtu mzima wa afya
na kumtupia maganda ya viazi.

Siku hizi ndoo ya takataka
naizungushia njia ya mbali.