Sufuria ya Wifi

Saa tisa na nusu usiku hufungua ukurasa
kwa kidole chenye harufu ya utomvu.
Taa ya kichwani naiwasha mapema,
isome nami kabla ya kuniongoza mitini.
Huku Kerala, vilimani, mpira hauwangoji waliolala:
jua likipanda, mti hujifunga,
nami nina miti mia mbili na arobaini
na magoti mawili, moja bovu.

Somo la leo: mjane mwenye deni.
Hana kitu nyumbani ila mafuta kidogo.
Anaambiwa akaazime vyombo kwa majirani, asione haya.
Akaazima, akafunga mlango, akamimina.
Nimelisoma hili tangu komunyo ya kwanza,
na kila mara niliyatamani yale mafuta.
Leo, sijui kwa nini, jicho limekwama kwenye vyombo.

Vilirudishwa?

Mwandishi hasemi. Deni lililipwa, wana wakapona,
lakini vile vyungu vya watu,
nani alivisugua? Nani alivibeba mlango kwa mlango
akisema, ahsante, chako hiki hapa?

Nikafunga kitabu. Nilikuwa na haraka.

Gizani nakata gome, ukanda mwembamba kama ganda la kitunguu.
Marehemu Pothen ndiye aliyenifunza:
ukikata juu juu hupati kitu,
ukizamisha kisu unaujeruhi mti,
na kovu lake litakusuta miaka kumi.
Tone la kwanza husita kwenye mdomo wa bati,
kisha huangukia kifuu. Jeupe. Kimya.
Mti wa kwanza nilisema, Baba yetu.
Mti wa thelathini nilikuwa bado kwenye mkate.
Wa thelathini na moja: utusamehe —
hapo kisu kikateleza.

Kwa sababu jikoni kwangu, juu ya kabati,
chini ya gunia la mchele,
ipo sufuria ya shaba ya wifi yangu Aleyamma.
Niliiazima kwa arobaini ya Pothen,
tukapikia wali wa watu mia.
Wiki iliyofuata tukagombania mpaka,
hatua tatu za ardhi na mnanasi mmoja,
nikaapa: aje aichukue mwenyewe.
Hakuja. Miaka minne hakuja.
Na miaka minne mimi nasoma, alfajiri kwa alfajiri,
napiga mstari kwa penseli chini ya neno upendo.

Ee Bwana, unajua kuvizia.

Nilikusanya utomvu, nikautia asidi,
nikaisugua shaba kwa ukwaju na majivu
hadi nikaona uso wangu ndani yake, umepinda.
Mvua ikaanza. Nikajitwika sufuria, ikawa mwavuli,
nikavuka zile hatua tatu.
Mnanasi umezaa vichipukizi; sikuvihesabu.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilikuwa na aya kabisa.
Aleyamma alifungua mlango nusu,
akaipokea, akaigeuza, akaigonga kwa ukucha, akasikiliza.
“Ilikuwa na mfuniko,” akasema.

Basi.
Nilipofika kwenye ngazi ya mawe, nyuma yangu:
“Unachechemea. Ni goti lile lile?
Mafuta ninayo. Kesho uje na chupa.”
Mlango ukafungwa kabla sijageuka.

Jioni nimewasha taa mbele ya picha,
nimepiga magoti, zima na bovu.
Sikuomba amani; neno lenyewe kubwa, lingenishinda kubeba.
Niliomba mfuniko.
Nimeutafuta chini ya kitanda, nyuma ya pipa la maji,
hata kwenye banda la moshi
ambako karatasi za mpira zinaning'inia
kama nguo za watu waliokwenda kuoga mtoni.

Chupa nimepata, nimeikausha, ipo dirishani.
Mfuniko bado.