Kifungo cha Mfupa

Mchana mimi ni mtu wa vitufe:
lifti kumi na saba za kaskazini mwa Brno,
zote zimezeeka, zote zina kiburi,
ukibonyeza ghorofa ya nne zinakupeleka ya sita.
Usiku nimehukumiwa kifungo.
Kimoja tu, cha mfupa, matundu manne,
na hakimu ni mwanamke nisiyemjua sura,
Zdislava wa Olomouc, mwalimu wa kuchora.

Ngoja nikueleze. Nimeshawaeleza wote kazini
hadi siku hizi wananikwepa kwa kupanda ngazi.
Mafundi wa lifti, wanapanda ngazi!

Ni gemu. Usiniangalie hivyo.
Hamna jeshi, hamna gari la kuiba,
hamna pointi zinazorukaruka kama bisi kwenye sufuria.
Kuna duka la vifungo, katikati ya baridi,
droo elfu moja mia moja na arobaini,
na wewe, karani wa zamu ya usiku.
Uso huna. Una mikono miwili
iliyochorwa kwa maji ya kahawa,
inatetemeka kidogo, kwa sababu
(ameandika mwishoni, mstari mmoja tu)
ndivyo ilivyotetemeka ya baba yake.

Wateja wanaingia na makoti yenye pengo.
Unavuta droo. Kila droo ina mlio wake.
Kila droo, nakuapia!
Alirekodi makabati ya majirani, jengo zima, kila Jumapili:
ya 308 inakohoa kama mvuta sigara,
ya 77 inalia ikifungwa, si ikifunguliwa.
Wakubwa wenye majumba ya vioo na wachoraji mia tisa
wamenichorea mvua tone kwa tone,
na sikumbuki hata wingu.

Husemwa kidole kimoja hakivunji chawa.
Zdislava alivunja, miaka sita,
kila alipomaliza kusahihisha michoro ya watoto,
akauza nakala mia mbili na kumi na mbili.
Mimi ni wa arobaini na moja.
Naitaja namba hiyo
kama babu yangu alivyotaja kikosi chake.

Sasa, mzee wa koti la kijani.
Anakuja usiku wa tisa, theluji mabegani.
Koti ni la mkewe. Kifungo cha tatu hakipo.
Nilikitafuta wiki tatu.
Nilichora ramani ya droo nyuma ya risiti za grisi.
Mzee alikaa kwenye stuli, hakulalamika,
theluji yake ikayeyuka kwa saa za kweli,
ikawa dimbwi, dimbwi likakauka,
naye yupo. Hakuna mshale wa kukuelekeza,
hakuna sauti ya kukupa moyo.
Usiku mmoja, nimechoka, kipanya kikateleza,
kikagusa shati langu (la karani, namaanisha)
na mkasi ukainuka mezani.

Nimekuharibia. Samahani.
Lakini ilinibidi nimwambie mtu
kwa nini nilizima kila kitu nikasimama jikoni
nikiishika friji kama mtu aliye kwenye meli.

Jumamosi nilimkalisha shemeji yangu Radim,
bingwa wa mpira wa kwenye kioo.
"Bunduki iko wapi?" akacheka. Akavuta droo.
Akavuta nyingine. Akairudia ya 77.
Saa sita Blanka akampigia simu,
akajibu, "Nakuja, nakuja,"
na hakuja.

Saa nane mzee bado yuko kwenye stuli.
"Hakipo," Radim akasema, kwa hasira kama ameibiwa.
"Safu tatu nzima. Hakipo, nakwambia."
Nikauma ulimi. Nikaenda kuchemsha maji.
Niliporudi alikuwa kimya,
mkono mmoja juu ya kipanya,
wa pili ukichezea, bila mwenyewe kujua,
kifungo cha juu cha shati lake.