Kumi na Moja Kasoro Moja

Fomu ya kupanda cheo ina kurasa tisa
na mimi, Yoeli, karani wa idara, ndimi ninayeijaza,
kwa sababu Dokta Damari Masima
hana subira na visanduku.

Nje upepo wa Agosti unaichota Dodoma nzima
na kuimwaga dirishani. Napangusa kibodi kwa kiganja.
Naandika: makala thelathini na moja.
Naandika: zimenukuliwa mara mia nne kumi na mbili.

Iliyonukuliwa kuliko zote, mara mia moja na tisini,
ina waandishi kumi na tisa; yeye ni wa saba.
Wanaoinukuu humtaja mtu mmoja wa ng'ambo,
kisha huweka "na wenzake."
"Nimo humu," ananionyesha, ukucha juu ya neno.
"Nimejikunja hapo kwenye z,
mimi na magunia yangu ya karanga kutoka Mvumi."

Fomu inadai kipimo kimoja zaidi,
kile cha herufi moja, ambacho sikukielewa
mpaka aliponichorea ubaoni:
makala kumi na moja, kila moja imenukuliwa
si chini ya mara kumi na moja.
"Timu kamili," nikasema. "Ishirini wako benchi."
Akacheka, kisha akaacha kucheka.
"Namba sita mtoe."

Namba sita! Mara hamsini na nane!
Ile ya jeni inayoikinga karanga na kuvu,
iliyomfikisha Nairobi kwa ndege,
iliyomfanya mkuu wa idara atununulie soda.

Akafungua daftari la jalada la bluu, limevimba.
Pasaka ya mwaka ule umeme ulikatika siku tatu.
Yeye alikuwa Mpwapwa, kwenye msiba wa shangazi;
mlinzi akawasha jenereta, jenereta ikakohoa, ikalala,
na jokofu la nyuzi themanini chini ya sifuri
likajifunza joto la Dodoma.
Sampuli za Kongwa zikayeyuka, zikaganda tena,
zikanyamaza kama watoto waliovunja chungu.
Miaka minne baadaye, akitafuta kitu kingine,
akaona tarehe mbili zinatazamana.
Usiku huohuo akaliandikia jarida:
Iondoeni. Kosa ni langu.

Sikuona kisanduku cha jambo hilo.
Kuna cha tuzo, cha fedha za utafiti, cha wanafunzi waliohitimu;
hakuna cha mtu aliyejipa kadi nyekundu
refa akiwa anatazama kwingine.

Na makala yenyewe haikubali kufa.
Imepigwa mhuri IMEONDOLEWA kila ukurasa,
na bado mwaka jana imenukuliwa mara nne,
moja kwa sifa tele.
Damari humwandikia barua kila anayeinukuu.
Wawili walijibu. Mmoja alishukuru.
Mwingine akaomba nakala.

"Mama, kumi ni pungufu," nikamwambia.
"Kamati haisomi, inahesabu."
"Basi wahesabu kumi."

Mia nne kumi na mbili, toa hamsini na nane:
mia tatu hamsini na nne. Nikafuta, nikaandika.
Kwenye "Mengineyo," mstari wa mwisho,
nikaichomeka namba sita kwa herufi ndogo, sababu na tarehe.
Akasoma mara mbili, akasahihisha koma, akatia sahihi.

Kisha akaenda anakokwenda kila siku saa kumi
tangu alipoziona tarehe zile.
Nikamfuata na fomu, gundi ya picha haijakauka.
Akakitazama kioo cha jokofu,
akashika kalamu iliyofungwa kwa uzi,
akaandika kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni,
chini ya mistari mingi inayofanana na huo:

Saa 10:05 jioni. Chini ya sifuri, 79. Umeme upo. D.M.