Gauni la Krismasi

Lori la matoke hufika Isingiro kila Jumanne,
nami husimama kando ya barabara
nikikadiria mikungu kwa jicho tu:
huu elfu nane, huu elfu kumi na mbili,
huu umedumaa, wape mbuzi.
Sijawahi kukosea.

Maziwa nayapima kwa lita, umande haujakauka.
Mtu wa pikipiki anayamimina kwenye kopo lake la chuma,
sisi tunabaki na povu.
Mayai nayapanga kwenye trei, thelathini.
Jumamosi yanakwenda Mbarara, hotelini.

Ainembabazi nilimpima kwa gauni.
Jekundu, vifungo vitatu,
mama yake alimnunulia Krismasi ya kwanza.
Krismasi ya pili ikaja, likamtosha.
Tulicheka, nakumbuka.
Tulisema hatukukosea kumwita Huruma,
ona anavyouhurumia mfuko wa babake.

Januari nesi akamlaza juu ya ubao,
utosi hapa, magoti yanyooke,
akasukuma kibao kidogo hadi kikagusa nyayo.
Sentimita sabini na saba.
Miaka miwili, akasema,
kwa kimo cha miezi kumi na minne.

Sista, huyu hajalala njaa hata usiku mmoja.
Tazama tumbo lake.

Hakubisha. Aliuliza jana amekula nini.
Matoke.
Na juzi?
Nikatazama nje dirishani.
Mlima wote ulikuwa kijani kwa migomba,
mpaka juu, mpaka ng'ambo,
na kipande kikubwa cha kijani hicho ni changu.

Njiani nilimbeba mwenyewe.
Alikuwa mwepesi, na wepesi wake
niliuzoea kama unavyozoea deni.
Nikawaza mgomba:
ukichelewesha samadi hadi ua limeshatoka,
unanenepesha majani, mkungu umeshaamuliwa.
Hilo nalijua. Nimewafundisha majirani, bure.

Sikumwambia mama yake yote.
Nilisema tu, leo kikombe kimoja kisiende.
Akanitazama kama aliyengoja
neno hilo tangu mtoto aachishwe ziwa.

Jumamosi mnunuzi alihesabu trei mara mbili.
Ishirini na tisa, mzee. Umekosea.
Nikasema, ndiyo.

Nyuma ya nyumba, kwenye kizingiti cha jiko,
Ainembabazi alikuwa na kiini cha yai kidevuni,
ndani ya gauni jekundu
ambalo bado linamtosha.