Grenda ya Elfu Arobaini na Tano

Fundi Mbwambo alitaka elfu sitini
kukata nondo kumi na sita juu ya slabu yetu,
na "kesho" ya fundi mnaijua.
Nikashuka Mbuyuni na pochi na hasira.

"Zipo mbili," akasema Kiwelu dukani.
"Hii ya laki na themanini, ya mtu wa kazi.
Hii ya arobaini na tano, ya mtu wa nyumbani."
Boksi linasema wati mia tisa.
Boksi linasema mengi.
Nikauliza warranti.
Akaninyooshea kidole kwenye kizingiti:
"Inaishia pale, mama."

Njiani nikapiga hesabu kama ninavyopima kitambaa:
grenda arobaini na tano, mawe matatu saba na nusu.
Hata ikifa leo jioni
nimebakiwa na elfu saba na mia tano
pamoja na maiti yenye waya mzuri wa shaba.

Lakini sikununua kwa hesabu.
Nilinunua kwa lile doa la maji
juu ya kitanda chetu, kila masika;
lilianza sahani, sasa ni sinia.
Maji yanafuata kutu, kutu inafuata nondo,
na nondo zinafuata neno la Anaeli
siku tuliyomwaga zege:
"Mwakani tunapandisha ghorofa."
Mwakani huyo amesoma, ameoa, amehamia Kahama,
na nondo bado zimesimama, nne nne kila pembe,
kama vidole vya mtoto anayejua jibu
na mwalimu hamwoni.

Jumamosi nikapanda ngazi.
Miwani ya jua ya mtumba, khanga kichwani,
gambuti za shambani kwa mama, Kibosho.
Anaeli akabaki chini anachambua maharage
ambayo yalikwisha kuchambuliwa.

Sikiliza, kama nawe ni mtu wa nyumbani:
inatetemeka. Inakuvuta inakotaka,
ndama wa wiki mbili.
Kava linalegea, likaze kabla ya kila jiwe.
Usiikandamize. Kata, pumzika, gusa kichwa chake;
kikikuunguza, kanywe chai.
Nilikunywa vikombe vitano.

Ya kwanza ilianguka na mlio wa kengele ya shule.
Ya tano, nikasikia ngazi inalalamika.
Hakusema kitu.
Aliinua ekstensheni kutoka kwenye dimbwi,
kisha akaanza kushika kila nondo kwa juu
isije ikabana jiwe, mpaka imlegee mkononi,
akazilaza moja moja, sambamba,
kama mtu anayepanga watoto waliosinzia.

Ya kumi na mbili ikakatika. Kisha harufu:
mpira, nywele, radi.
Moshi mwembamba ukatoka kwenye matundu,
moshi ndani ya Moshi,
na chombo kikakataa kupasua, Pasua hapahapa.
Tukacheka mpaka tukakaa chini kwenye zege.

Zimebaki nne, pembe ya mashariki,
inayotazama mlima siku mlima ukipenda.
Mbwambo anazitakia elfu kumi na tano,
maana yake hesabu imepinduka:
nimepoteza elfu saba na mia tano
ileile niliyodhani nimeiokoa.

Ndeshi, shoga yangu, ana kufuli lililokwama
na geti linalokwaruza sakafu.
"Ninunue?" ananiuliza.
Kwa kufuli, nunua. Kwa geti, nunua, na mawe ya akiba.
Kwa jambo aliloliota mtu mwingine,
sijui, Ndeshi. Yangu iliishia kumi na mbili,
na sina hakika kama ilikuwa mbovu
au ilikuwa na adabu.

Mbwambo hatujampigia.
Anaeli amefunga kamba kwenye zile nne,
mashuka yanakauka upesi kule juu.
Masika haya doa limehama,
limekaa upande wake wa kitanda.
Anasema halimsumbui.