Kitufe Kisicho na Jina

Jikoni kwa Bi Doreen Oxtoby, mjini Hull,
birika limechemka, limejizima, chai imemiminwa,
ukurasa wa halmashauri bado unafunguka.
Yeye hauoni. Anausikiliza.
Sauti ya kompyuta inamsomea mbio kama mnadi:
picha, picha, kitufe, kitufe, picha.
"Kitufe cha nini?" ananiuliza, akinigeuzia sikio.
Nanyamaza. Kitufe hicho nimekichora mimi,
kijani, pembe za mviringo, nikasifiwa kikaoni.

Anachotaka ni fundi tu: hita imekufa tangu Jumanne,
na Januari ya hapa haina adabu,
inaingia bila hodi.

Usiku ule nikarudi mezani.
Nikaitoa picha ya daraja la Humber, megabaiti nane
(nzuri mno, roho iliniuma),
nikafyeka misimbo iliyokaa bure
kama wageni waliosahau kuaga.
Maandishi ya kijivu juu ya kijivu nikayakoleza.
Na kila kitufe nikakipa jina,
kama apewavyo mtoto siku ya saba:
Omba fundi.
Rudi nyuma.
Tuma.

Alhamisi akapiga simu.
Fundi amekuja, hita inanguruma,
ukurasa ulifunguka hata kiti hajakivuta.
"Ila jina la mtaa wangu," akasema,
"mmelikosea herufi. Nimelisikia
likisomwa kama jina la ugonjwa."

Nikatafuta kalamu.
"Nitajie," nikamwambia, "herufi moja moja.
Taratibu. Nasikiliza."