Zilizozidi

Bi Mwanatumu Shee hakujua kuandika;
mimi ndiye niliyekuwa daftari lake.
Kila Alhamisi baada ya alasiri, kule Mtopanga,
nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa
naye akichambua mchicha, akitunga.

Siku ile mchicha aliukata kama una deni naye.
Walikuwa wamezungushia mabati makaburini.
Mamake, Mwana Esha, alibaki ndani
na jiwe lake la kichwani
na lori mbili za kokoto.
Langoni mtu kaandika kwa rangi nyekundu:
PLOTI HAIUZWI.

"Andika," akanambia. Nikaandika:
Mwizi wa makaburi, mwana kulaaniwa,
Mungu akuvunje mgongo.
"Sasa hesabu."

Nikahesabu kwa pingili za vidole.
Ishirini na tatu.
"Na mstari wabeba ngapi?"
Kumi na sita.
"Basi saba zimezidi. Hasira haijui kupima, mwanangu,
yaja na mzigo wa punda wawili."

Nilidhani ataondoa tusi.
Akamtoa Mungu.
"Yeye hatumwi," akasema, "si mtoto wa dukani."
Zikabaki kumi na nne,
na mchicha ukaungua tukitafuta mbili.

Shekue, kakake, akapita na kanzu yake ya pasi:
Wacha nyimbo, Tumu. Omba dua, yatosha.
"Dua nimeomba alfajiri, hiyo ni siri yangu na Mola.
Lakini yule bwana sikutani naye alfajiri.
Nakutana naye harusini."

Majuma matatu alinifutisha,
raba yangu ikaisha, nikafuta kwa mate,
karatasi ikatoboka.
Kilichobaki ni hiki:

*Mgeni kaja kulala, kakunja wetu mkeka,*
*mkeka wa walolala, wasoweza kuamka;*
*ikisimamishwa swala, safu ya mbele hutaka.*
*Mwenye kuona halali, siku ya siku tafika.*

Akauimba Tononoka, ukumbini,
na deraa yake ya zambarau inayonuka udi.
Wanawake walisikia mkeka,
wakageuza shingo kumtafuta mke mwenza,
vigelegele vikapasuka kwenye meza ya nyuma.
Naye mwenyewe, kiti cha mbele kabisa,
funguo za gari kando ya soda,
alisikia halali.
Alisikia mali yake ikiitwa kwa jina zuri.
Akainuka, akacheza mpaka jukwaani,
akambandika noti ya elfu begani,
akaomba ubeti ule urudiwe.

Ukarudiwa mara tatu.
Nyuma ya kinanda, mara zote tatu,
mimi nilimsikia Asiyelala.

Asubuhi akaninyoshea ile noti: kanunue marashi.
Nikasita. Pesa ya huyu, kwa marehemu?
"Nimeimba, nimelipwa," akasema. "Hiyo ndiyo halali."
Wala hakucheka.

Tulifika kwenye mabati kabla ya mafundi.
Akapiga magoti pale kuku walipofukua,
akamimina chupa nzima chini ya bati.
Marashi yakafuata mteremko,
yakaenda kwa wayajuao.
Akasoma Fatiha, akapangusa uso.

Kisha akatazama huku, akatazama kule,
akakaza ushungi,
akayasema yote,
bila vina, bila kituo,
mwizi, laana, mgongo, Mungu kamrudisha mahali pake,
mpaka mbwa wa mlinzi akabweka
na mtu akakohoa upande wa pili.

Akaegemea bati. Kifua kilikuwa kikipanda kama cha aliyekimbia.
"Astaghafirullahi," akasema, polepole,
na vidole vyangu, kwa mazoea tu,
vikahesabu.

Saba.